Tafadhali Rudisha Ndoo

Shuleni kwa binti yangu hakuna anayeniita kwa jina. Walimu, wazazi, hata mlinzi wa geti huniita Mama Ndoo, na nilikuwa nalifurahia jina hilo kuliko lile nililobatizwa nalo. Nauza vyombo vya plastiki katika soko la Muthurwa: mabeseni, mitungi, vikombe, vibao vya kukatia mboga, na ndoo za kila saizi zilizopandana mpaka zikapita kichwa changu. Mtu wa biashara hata akitoa sadaka, jicho lake moja hubaki kwenye mali. Nasema hivi mapema kwa sababu mambo yote yalianzia kwenye hilo jicho moja.

Shule yetu ni ya kawaida ya mtaa, huku Embakasi, watoto wengi na madarasa machache. Ijumaa ya mwisho wa kila mwezi kila mtoto huja na kikombe kimoja cha chakula kikavu. Mchele, ndengu, maharagwe, sukari, unga wa ngano, unga wa mahindi, chochote kilichopo nyumbani. Kikombe kimoja tu, ili asiwepo mzazi wa kusema ameshindwa na asiwepo wa kujigamba. Watoto hupanga foleni kwenye varanda wakamimina vikombe vyao katika magunia, na wale wadogo humwaga nusu sakafuni, kuku wa mlinzi wakapata sherehe. Kisha sisi wazazi wachache tunaojitolea hugawa chakula hicho kwa familia ambazo walimu wametunong'onezea kuwa zina shida. Mwalimu mkuu hupenda kusema kwamba kutoa ni moyo, si utajiri, nasi tulikuwa tukiitikia kama tuko kanisani.

Mwanzoni tulibeba chakula kwenye mifuko ya karatasi ya kaki. Ukipanda ngazi za fleti na mfuko wa kaki mkononi, kila mlango ulio wazi unajua unakoenda na unakwendea nini. Siku moja mfuko ulichanika ghorofa ya tatu, ndengu zikatiririka ngazi kwa ngazi, na watoto wa ploti nzima wakaziokota huku wakiulizana ni za nani. Mama aliyekuwa azipokee alijifungia ndani asitufungulie. Hapo ndipo nilipopata wazo, na ni wazo zuri, bado nalitetea. Nikaleta ndoo kutoka kibandani kwangu, zile nyeupe za kifuniko kinachobana, mpya kabisa. Ndoo iliyofunikwa haisemi kilichomo ndani, na mwanamke mwenye ndoo kwenye ngazi hana wa kumuuliza maswali.

Wenzangu walinipigia makofi. Mwalimu mkuu alinishukuru mbele ya wazazi wote, na palepale, makofi hayajaisha, jicho langu likaanza kazi yake. Nikafikiria mwezi ujao, na mwezi wa baadaye, na ndoo zangu zikigeuzwa za kuogea huko kwenye fleti za Tassia. Nikachukua kalamu ya wino mzito nikaandika juu ya kila kifuniko: TAFADHALI RUDISHA NDOO. Niliandika kwa herufi kubwa kwa sababu, kama nilivyowaambia wenzangu, mimi nawajua watu.

Nilipewa kupeleka ndoo moja Tassia, ghorofa ya tano, kwa mama wa msichana aliyekuwa gredi ya nne pamoja na binti yangu. Walikuwa Waislamu, wazaliwa wa Eastleigh, waliohamia Tassia kutafuta kodi nafuu baada ya baba kuumia mgongo. Alikuwa akishusha mizigo katika duka la jumla, akateleza na gunia begani. Tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kulala kwenye godoro chini ya dirisha, mtu mkubwa, mpole, anayegeukia ukuta mgeni akiingia. Mkewe alifua nguo za watu siku alizopata wa kumfulia.

Mara ya kwanza alinifungulia mlango akiwa ameng'ata pembe ya mtandio wake, maana mikono ilikuwa imejaa povu. Nikamwambia shuleni wametuma salamu. Ndivyo tulivyokubaliana kusema. Aliitazama ndoo, akasoma kifuniko, akanitazama mimi.

"Niirudishe lini?" akauliza.

Hakuuliza kuna nini ndani. Aliuliza atairudisha lini. Ningekuwa na masikio siku hiyo ningesikia, lakini nilimjibu kama ninavyomjibu mtu aliyeazima chombo changu: "Hakuna haraka, mama. Ukimaliza tu. Ila isipotee."

Jumapili iliyofuata nilikuwa nimetoka kanisani, hata viatu sijavua, niliposikia hodi. Alikuwa yeye, amevaa baibui iliyopigwa pasi, ndoo ameishika kwa mikono miwili. Niliipokea nikaona ina uzito. Nilipofungua kifuniko harufu ya iliki ilinipanda puani. Ndani, juu ya kitambaa cheupe, kulikuwa na mahamri bado ya moto.

"Si ungekuja tu na ndoo, mama," nikasema, huku mkono wangu tayari umo ndani.

"Ni kidogo tu. Ni ya watoto."

Nilikula moja pale pale mlangoni. Yalikuwa mahamri ya kweli, yaliyotuna vizuri, laini, si kama yale mandazi ya kioski yanayoweza kuvunja dirisha. Nikafurahi, na nikifurahi mdomo wangu hauna breki. Nikampiga begani jinsi tunavyotaniana sokoni, nikamwambia, "Umefanya la maana. Mkono mtupu haulambwi."

Alicheka. Alicheka kwa adabu, kichwa ameinamisha, na mimi nikacheka zaidi yake. Muthurwa methali hiyo ni utani wa kila saa, tunamwambia mteja anayeomba nyongeza kabla hajanunua. Nilimwambia mwanamke ambaye siku mbili kabla nilikuwa nimempelekea chakula cha watoto wake. Nikifua, nikipanga ndoo, nikiwa nangoja usingizi, hujisikia nikiyasema maneno hayo kwa sauti ile ile ya furaha.

Na sikuishia hapo. Niliyapiga mahamri picha nikaitia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, ambamo sote tumo, wa kutoa na wa kupokea. Nikaandika kwamba kuna wazazi wanaorudisha ndoo na shukrani ndani yake, Mungu awazidishie, na wengine tujifunze, maana kuna wanaorudisha na ukoko. Sikutaja mtu. Nilijiona mwerevu kwa kutotaja mtu. Ikaja mikono ya kusali, ikaja mioyo myekundu, na mzazi mmoja akaandika kwamba asante ya punda ni mateke, tukacheka sote. Sote tuliokuwa wa kutoa, nataka kusema. Wale wengine hawakuandika neno.

Mwezi uliofuata ndoo zilianza kurudi kwa namna nyingine. Moja ilikuja na sukuma wiki iliyofungwa kwa uzi. Nyingine ilikuwa na mayai yaliyoviringwa kwenye gazeti. Nyingine parachichi, nyingine kipande cha sabuni ya kufulia kilichokatwa vizuri kwa kisu. Hakuna aliyewaambia walete, kama si mimi na picha yangu. Tulikaa kwenye varanda la shule tukigawana, wanakamati tulioshiba, na tukasemezana jinsi watu wa mtaa huu walivyo na utu. Ile sukuma niliichukua mimi. Niliipika jioni ile na haikunipita akilini kuuliza ilitolewa kwenye sufuria ya nani.

Mama wa ghorofa ya tano ndiye aliyekuwa bora kuliko wote. Mara ya pili alileta kaimati, zimekolea shira mpaka zinang'aa. Mara ya tatu yakarudi mahamri, machache kidogo na madogo kidogo. Niliona kwamba yamepungua, na niliona jinsi mteja anavyoona. Nilisema kimoyomoyo kwamba huyu naye ameanza kulegea.

Halafu mwezi mmoja ndoo yake haikurudi. Ijumaa ya vikombe ikafika tena, nikapanda na ndoo nyingine iliyojaa, nikihema. Safari hii alifungua mlango nusu tu, akasimama katikati ya upenyo.

"Sisi tuko sawa sasa, alhamdulillahi," akasema. "Peleka kwa wengine wenye shida."

"Mzee amepata nafuu?"

"Tuko sawa."

Niliamini. Niliamini kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi, na kwa sababu inapendeza kuambiwa kwamba msaada wako umefanya kazi yake ukakamilika. Nikaipeleka ndoo kwa familia nyingine ghorofa ya chini, nikashuka nikiwa mwepesi, na ni kule chini kabisa, mguu mmoja uko barabarani, nilipokumbuka kwamba hakunipa ile ndoo ya zamani.

Jioni ile nilikuwa napakua chakula, na mdomo wangu, kama kawaida yake, ukapakua pamoja nami. Nikasema watu ni wa ajabu, mtu amepata nafuu mpaka anakataa chakula, lakini ndoo yangu ameikalia. Sikuwa nikisema na mtu. Binti yangu alikuwa anakula kimya, na mtoto anayekula kimya huwa anasikiliza.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja nilipeleka vyombo shuleni, na mwalimu wa gredi ya nne akanisimamisha mlangoni mwa darasa. Aliniuliza kama najua lolote kuhusu yule msichana wa Tassia. Hakuwa ameonekana shuleni kwa muda, na simu ya mamaye ilikuwa haipatikani. Alidhani wamehama. Nilimwambia nitauliza, nikarudi Muthurwa kuuza.

Nilimuuliza binti yangu jioni, nikiwa namsuka. Alikuwa ameketi sakafuni kati ya magoti yangu, na nilihisi shingo yake ikikakamaa mikononi mwangu.

"Mimi nilimwambia tu arudishe ndoo," akasema.

"Ulimwambia wapi?"

"Kwa laini ya kunawa mikono."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Hao wengine ndio waliuliza ni ndoo gani. Nikawaambia ni ile ya chakula yenye mama huwapelekea."

"Nani alikutuma?"

Alijaribu kugeuka anitazame, lakini nilikuwa nimeshika nywele zake. "Si wewe ndio ulisema ameikalia?"

Nilikuwa na kitana mkononi, na ukweli ni kwamba mkono uliinuka. Kisha nikaona kwamba katika chumba kile hakukuwa na wa kupigwa isipokuwa mimi. Nikaendelea kusuka. Mistari ilinienda mshazari, nikafumua, nikaanza upya. Ile foleni ya kunawa mikono niliiona kama vile nilikuwepo, watoto wote wamegeuza shingo, na msichana wa watu amesimama na mikono imelowa. Ndoo nilizozileta ili mlango wa mtu usijulikane ndizo zilizomtangaza mtoto wake mbele ya darasa zima, kwa mdomo wa mwanangu, kwa maneno yangu mwenyewe.

Jumamosi nilifunga kibanda mapema nikaenda Tassia. Njiani nilisimama kwenye duka nikashika pakiti ya sukari, nikairudisha, nikashika mkate, nikaurudisha. Kila nilichokishika kiligeuka kuwa kitu ambacho angelazimika kukijibu. Nikapanda bila kitu.

Yule msichana ndiye aliyefungua. Aliponiona aliita, "Mama," kisha akaingia nyuma ya pazia lililogawa chumba, na muda wote niliokaa hakutoka. Baba alikuwa kwenye godoro lake. Aligeukia ukuta. Mama alinikaribisha kwenye kigoda, akaketi kwenye mkeka, akaniambia nimsamehe, leo hakuna hata chai. Alisema hivyo mara mbili.

Ndoo yangu ilikuwa juu ya kabati, imesuguliwa mpaka imekuwa nyeupe kuliko siku niliyoileta. Kifuniko kilikuwa kimefungwa, na maandishi yangu yanatazama mlangoni, kila anayeingia ayasome.

"Mama," nikaanza, "mimi nimekuja kuomba msamaha. Mtoto wangu alisema vibaya shuleni, na ni mimi nilisema kwanza. Hiyo ndoo sitaki. Ni yenu. Hata nikupe zingine."

"Si umeandika turudishe?"

"Niliandika kijinga tu."

"Hapana," akasema, pole pole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Ulisema isipotee. Haijapotea. Nimeiweka vizuri. Lakini ningeirudisha na nini?"

Akaendelea mwenyewe. Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu kwangu angekuwa nayo. Aliniambia unga wa yale mahamri ulikuwa ule ule wetu. Sukari ilikuwa yetu. Mafuta alikuwa akikopa kwenye kioski cha chini, na iliki alipewa na jirani. Mara ya kwanza alitumia kidogo. Baada ya ile picha alitumia zaidi, kwa sababu aliona wazazi wote wamesifu na akaogopa kuleta pungufu. Mwenye kioski alipokataa kukopesha tena, ndoo ikabaki. Na ndoo ikiwa bado ndani, angepokeaje nyingine juu yake?

"Nilikuwa nawarudishia unga wenu," akasema. "Mimi nilikuwa natia moto tu."

Nilijisikia mwizi. Sina neno jingine na silitafuti. Watoto wa shule nzima walikuja na vikombe vyao, wengine wamevifunika kwa kiganja njia yote visimwagike, na mimi nikala unga huo mlangoni kwangu, na viatu vya kanisani miguuni, kisha mwezi mwingine nikanung'unika kimoyomoyo kwamba yamepungua.

Na lililoniumiza zaidi ni kwamba mila hiyo ya kutorudisha chombo kitupu ningeweza kumsomea yeye. Nililelewa nayo. Mama yangu alikuwa mtu wa Murang'a aliyetulea katika chumba kimoja Makongeni, na katika nyumba ile chombo cha jirani hakikurudi kwao kitupu hata siku moja. Nikiwa na umri wa binti yangu alinituma nirudishe sufuria ya jirani aliyekuwa ametuletea dagaa wa omena. Nilitoka mbio ili niwahi kucheza, sikungoja aitie kitu. Nilipewa kofi la kukumbukwa, kisha nikarudishwa pale kwa jirani na chumvi kwenye karatasi, mkononi, nimwambie kwamba hii ilisahaulika. Chumvi. Hatukuwa na kingine siku hiyo.

Kwa hiyo sikuweza kusema sikujua. Nilijua tangu utoto kwamba huwezi kumwambia mtu akurudishie chombo bila kumwambia pia akitie kitu. Ni kwamba hayo nilikuwa nimeyatenga kwa majirani, na huyu sikuwa nimemhesabu kuwa jirani. Nilikuwa nimemweka mahali pengine, pamoja na wale ambao hupelekewa. Kumbe yeye alikuwa ananitendea kama jirani tangu siku ya kwanza aliposoma kifuniko.

Nikamwambia kuhusu mama yangu na ile chumvi. Sijui kwa nini, labda nilitaka anihurumie. Alisikiliza, akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba nimemweleza jambo la kawaida kabisa.

"Mtoto arudi shule," nikasema. "Hilo tu. Mimi nitaongea na darasa, nitaongea na mwalimu, hata ikibidi kuhamisha wangu nitamhamisha. Lakini asikose masomo kwa sababu ya mdomo wangu."

Pazia lilitikisika kidogo. Mama alilitazama, kisha akanigeukia.

"Atarudi Jumatatu," akasema. "Lakini ndoo uende nayo."

Nilishukuru, nikainuka haraka, nikanyoosha mkono kuichukua juu ya kabati kabla hajabadili nia. Aliniwahi. Aliishusha yeye, akaifungua, na badala ya kunipa akaingia nayo kwenye kona ya kupikia. Kulikuwa na pipa la buluu limefunikwa kwa sinia. Nikasikia kata ikigonga ukingo wa pipa, na maji yakianza kuingia kwenye ndoo.

Mifereji ya ploti ile ilikuwa imekauka tangu mwanzo wa mwezi. Nilikuwa nimeipita mikokoteni ya maji huko chini, na nilikuwa nimewapita wanawake wakipanda na mitungi, wakipumzika kila ghorofa. Nikasema, "Mama, hapana. Tafadhali. Hayo usinipe." Hakugeuka. Nikasema tena, na nadhani nilikaribia kumshika mkono. Ndipo yule mumewe, ambaye sikuwa nimewahi kusikia sauti yake, akasema akiwa ameutazama ukuta.

"Pokea, mama."

Nikaipokea. Ilikuwa imejaa hadi juu na kifuniko alikiegesha tu, hakikubana. Alinifungulia mlango na kuniambia niteremke salama, nimsalimie binti yangu.

Niseme hapa kwamba msichana alirudi Jumatatu kama mamaye alivyoahidi, na kwamba anakaa dawati la mbele na haongei na mwanangu. Siwezi kumlaumu. Niseme pia kwamba niliifuta ile picha, na nikatangaza kwenye kundi kwamba kuanzia sasa ndoo ni za wenyewe, asirudishe mtu. Zinarudi. Nimesema kwa upole, nimesema kwa ukali, na bado zinarudi, na zinarudi na kitu. Mwezi uliopita moja ilikuja na kitunguu kimoja. Yule mama wa ghorofa ya tano sasa hupokea, lakini huniletea ndoo kabla ya wote, na sijathubutu kukataa kilichomo.

Lakini siku ile nilikuwa bado sijayajua hayo. Nilikuwa kwenye ngazi na ndoo ya maji, mimi ninayeziuza kila siku na ambaye miaka mingi sijabeba iliyojaa. Mpini ulinikata vidole. Kila nilipoteremsha mguu maji yaliruka chini ya kifuniko yakanilowesha sketi na viatu, na kadiri nilivyojaribu kwenda taratibu ndivyo yalivyozidi kuyumba. Ghorofa ya pili kulikuwa na mwanamke ameketi mlangoni akichambua mchele. Alisogeza miguu ili nipite.

"Maji imekuja huko juu?" akaniuliza.

"Hapana," nikasema. "Nimepewa."

Aliniangalia mimi, akaiangalia ndoo, kisha akaangalia nyuma yangu.

"Basi usimwage," akasema.

Nikageuka. Ngazi zote nilizoshuka zilikuwa zimelowa, kutoka miguuni pangu kupanda hadi kule juu, mlangoni kwa yule mama.